Mtamba Mmoja na Vibao Thelathini na Kimoja

Mambo yalianza Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, juu ya mteremko wa Ilongo. Basi lenye watu hamsini na mmoja lilianza kushuka. Dereva wake, Gwakisa, akakanyaga breki, nayo ikaenda mpaka chini bila kushika. Akakanyaga tena. Wapi! Konda akamtazama usoni, akaacha kutafuna muwa wake.

Dakika moja baadaye basi lilikuwa limesimama kando ya barabara, magurudumu ya mbele yamezama nusu kwenye mchanga, na watu wote hamsini na mmoja wako hai. Aliyeumia ni mmoja tu, bwana aliyejing'ata ulimi, na hata yeye aliendelea kuongea.

Sasa tulieni, maana nataka tujue ni nani aliyewaokoa watu hawa. Walikuwa watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Ambokile alikuwa fundi wa vibao vya barabarani, na kipaji chake kilikuwa mkono. Herufi alizochora zilisomeka mita mia mbili hata kwenye ukungu, na ukungu wa Ilongo si wa mchezo.

Bi Syabumi, mjane wa mwalimu, kipaji chake kilikuwa kutochoka. Kazi aliyoianza Jumamosi hii, Jumamosi ijayo ungemkuta nayo, na nyingine, na nyingine, hata kama hakuna anayemtazama.

Na Tumpe, mhandisi msaidizi wa barabara aliyeajiriwa na wilaya, binti wa miaka ishirini na sita aliyetoka chuoni juzijuzi, kipaji chake kilikuwa kuhesabu. Alihesabu ngazi akipanda, alihesabu vifungo akivaa, na hesabu isipokaa sawa alirudi kuanza upya. Huyu ndiye tutakayekaa naye karibu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Lazima niwaeleze desturi ya Ilongo. Gari likianguka pale, na msiba ukimalizika, kikao cha kwanza cha ndugu huwa ni cha kibao. Wanakwenda kwa diwani, diwani anakwenda wilayani, na baada ya miezi kadhaa kibao kinasimamishwa mahali pa ajali: Punguza Mwendo, Kona Kali, Hatari Mbele, Familia Inakusubiri. Watu hawakuviita kwa maneno yake. Waliviita kibao cha lori la ndizi, kibao cha harusi, kibao cha mwalimu. Wajenzi wa barabara waliacha vibao sita. Kwa miaka kumi na minane wanakijiji waliongeza thelathini na kimoja, vyote vya mkono wa Ambokile, vyote kwa pesa ya umma.

Novemba iliyotangulia ajali hiyo, Ambokile alitengeneza kimoja zaidi, na safari hii hakuombwa na wafiwa. Alikuwa amekaa kwenye kona akiangalia malori, akajiuliza dereva asiye na breki anahitaji kuambiwa nini. Si kwamba kuna hatari, hiyo anaijua. Anahitaji kuambiwa aende wapi. Akachora kibao kipana kama mlango wa kanisa: HUNA BREKI? SHIKA KUSHOTO, MCHANGA MITA 300. Alikichora mara tatu, mara mbili akafuta, mpaka mshale ukakaa alivyotaka.

Bi Syabumi alikuwa na jembe. Ule mchanga uliwekwa na wajenzi kwenye njia ya pembeni ili gari lililokosa breki lizame na kusimama. Lakini mvua ikinyesha mchanga hushikamana, ukawa mgumu kama sakafu, na gari likiuparamia hupita juu yake moja kwa moja hadi korongoni. Mumewe ndivyo alivyokufa. Tangu hapo, kila Jumamosi kwa miaka miwili, alishuka na wanawake sita wakaulima ule mchanga kama shamba. Wapita njia waliwacheka. "Mama, mtavuna nini hapo?" Yeye alijibu, "Mtapita tu."

Tumpe alikuwa na daftari. Alipanda kwenye lori, akamwomba dereva ashuke kwa mwendo wake wa kawaida, akahesabu. Vibao thelathini na vinane kwa sekunde mia moja na ishirini: kimoja kila sekunde tatu na kidogo. Chini akamuuliza dereva, "Umesoma vingapi?"

"Viwili, dada. Cha pili sikukimaliza."

"Hukuona kikubwa cha mchanga?"

"Kipo?"

Tumpe akaandika wilayani kuomba ruhusa ya kupunguza vibao. Barua tatu, majibu hakuna. Basi akaenda nyumba kwa nyumba kwa wenye misiba. Baadhi walimfukuza. Bi Syabumi akasema, "Kitoe, mwanangu. Mume wangu hakuwa kibao." Mwishowe wote wakakubali, mmoja mmoja, wengine kwa machozi. Februari, kwa siku nne, Tumpe na vibarua wawili waling'oa vyote thelathini na kimoja, wakaviegemeza nyuma ya ofisi ya kijiji. Vikabaki sita vya wajenzi na kile kikubwa.

Ndipo basi la Gwakisa likaja.

Ijumaa mwenye basi alileta mtamba wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe begani, akamfunga mbele ya ofisi ya kijiji. Akasema, "Mpeni aliyewaokoa abiria wangu. Mmoja. Msinichinjie mkagawana nyama." Akaondoka.

Siku hiyohiyo Tumpe alipokea barua, ile ambayo hakuwa ameiomba. Wilaya ilimtaka aeleze ndani ya siku saba kwa nini asifukuzwe kazi kwa kung'oa mali ya umma bila kibali. Aliisoma mara nne. Ya nne alihesabu mistari: kumi na tisa.

Jumatatu kijiji kikakutana. Mwenyekiti, Mzee Kajela, alizisoma zote mbili, habari ya mtamba na habari ya barua, akavua miwani.

"Hapa msidhani tunagawa ng'ombe," alisema. "Wilaya inataka kusikia kijiji kinasemaje, na tutakavyomtoa mtamba ndivyo nitakavyoandika. Akienda kwa Ambokile, tumesema kibao ndicho kilichookoa, na huyu binti kang'oa vitu vyenye faida. Akienda kwa Tumpe, tumesema vile vibao vilikuwa pesa ya umma iliyopandwa njiani bure. Akienda kwa Bi Syabumi, tumesema ni mchanga, basi, na binti atajitetea mwenyewe huko mbele."

"Mimi nianze," alisema Ambokile. "Mtu mzima ana meno thelathini na mawili. Mimi nilikuwa na vibao thelathini na viwili mlimani pale. Huyu binti kaning'oa thelathini na kimoja, kaniachia kimoja cha kutafunia. Na hicho kimoja ndicho kilichookoa watu! Sasa niambieni, fundi wa kulaumiwa ni yupi?"

Watu wakacheka. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Unatetea tonge lako, Ambokile!"

"Nalitetea, ndiyo. Wewe lako unalitupa?"

Tumpe alisimama na karatasi yake. "Shikamoo wazee. Kila kibao kilitugharimu kama madawati manne ya shule. Vibao thelathini na kimoja ni madawati mia moja ishirini na manne. Darasa la tatu na la nne bado wanakaa chini. Sikatai kazi ya Mzee Ambokile. Kile kikubwa nimekiacha kwa sababu kinafanya kazi. Vingine vilikuwa vinakificha."

"Na roho ya mtu mmoja, binti, ni madawati mangapi?" Ambokile aliuliza, safari hii bila mzaha.

Tumpe aliikunja karatasi yake ya hesabu. Alikaa.

Bi Syabumi alipoitwa alisema kwa ufupi, "Mimi nimelima. Mkitaka ushahidi, nendeni mkaone basi lilikozama."

Wakamwita Gwakisa. Mzee Kajela akamwuliza, "Dereva, kile kibao kisingekuwepo?"

"Ningekuwa marehemu, mzee. Mimi ni mgeni wa njia hii. Sikujua kama kuna mchanga."

"Na mchanga ungekuwa mgumu?"

"Ningepita juu yake nikaenda korongoni, kibao nikiwa nimekisoma vizuri kabisa."

Wakacheka kidogo, lakini yeye alikuwa hacheki.

"Na vile thelathini na kimoja vingekuwepo?"

Tumpe alijikuta ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Hapo sasa," alisema Gwakisa. "Kibao nilikiona. Mchanga niliukanyaga. Lakini vitu ambavyo havikuwepo, mzee, nitavitolea ushahidi gani? Pengine ningekiona tu kikubwa, kwa kuwa ni kikubwa. Pengine nisingekiona. Siwezi kumdanganya dada huyu, na siwezi kuwadanganya nyie."

Makelele yakaanza. Hawa wakasema haki haihitaji ushahidi wa kitu kisichokuwepo, wale wakasema kitu kisichokuwepo hakiwezi kupewa ng'ombe. Mama mmoja akasema kibao cha harusi kilikuwa kikimsalimia kila asubuhi akienda sokoni, na tangu king'olewe anapita pale akiangalia chini; je, hilo nalo ni bure? Mwalimu mkuu akauliza kama wangekubali pesa ya kibao cha msiba ujao iende kwenye madawati.

Mzee Kajela akagonga meza. "Nimechoka. Ninyi watatu mnaijua kazi hii kuliko sisi. Kesho saa moja kamili asubuhi, kila mmoja aniletee karatasi yenye jina la aliyewaokoa. Sharti moja: mtu asiandike jina lake."

"Na tukitofautiana?" aliuliza Ambokile.

"Mkitofautiana, nitawauliza hawa." Akauonyesha mkutano kwa mkono mzima.

Tumpe aliondoka akihesabu. Akiandika Ambokile, atakuwa amesema kweli, maana bila kile kibao Gwakisa asingejua pa kwenda. Na atakuwa ameitia sahihi barua ya kufukuzwa kwake. Akiandika Bi Syabumi, atakuwa amesema kweli pia, maana bila jembe lile mchanga ungekuwa sakafu; lakini atabaki kujitetea mwenyewe, na vibao vitarudi palepale, kimoja kila sekunde tatu, mpaka kikubwa kimezwe tena. Na jina la tatu, ambalo daftari lake lilimwambia ni kweli vilevile, halikuruhusiwa mkononi mwake. Lingeweza kutoka kwa wale wawili tu, na mmoja wao ndiye yule aliyesema ameng'olewa meno.

Kesho yake, saa kumi na mbili na robo asubuhi, alipanda peke yake hadi juu ya mteremko, akasimama mahali pale breki ya Gwakisa ilipokataa. Ukungu ulikuwa mwepesi. Kibao kikubwa kilionekana, kimesimama peke yake. Akafumba macho ajaribu kuvirudisha vile vingine mahali pake, kimoja kimoja, aone kama kikubwa kingebaki machoni. Alifika cha tisa, akapoteza hesabu. Akaanza upya. Akapoteza tena.

Basi akakaa kwenye jiwe la barabara, akaandika jina moja, akakunja karatasi mara mbili. Saa moja kamili aliiweka mezani kwa Mzee Kajela, kando ya nyingine mbili zilizokuwa zimeshatangulia, akatoka nje bila kusubiri zifunguliwe.

Mzee Kajela alizifungua. Majina yalikuwa matatu, na kila moja lilikuwa tofauti.

Sasa mkutano ni ninyi, na mtamba yuko mlangoni anawasubiri. Semeni, mnamfungulia nani kamba?