Breki Mpya za Ngurumo

Wenye watoto, washikeni. Wenye simu, zizimeni, hata wewe mzee wa kanisa uliyeificha chini ya kitabu cha nyimbo ukidhani huku mbele hatuoni. Vijana tumepewa muda mfupi na sitaki kuumalizia kwenye salamu. Nataka kuwaambia habari za mwanamume mmoja na gari lake.

Gari lenyewe alilirithi kwa marehemu babake. American machine, wapendwa, la zile enzi watu walichoma mafuta kama vile yanatoka mtoni: milango miwili tu, pua ndefu, injini ya silinda nane. Babake alikuwa dereva wa meneja wa shamba la chai, na meneja alipofunga virago kurudi kwao akamwachia. Likinguruma kule kwenye kinu cha posho, kuku wa huku wanakimbilia jikoni. Kijiji kizima kililiita Ngurumo.

Sasa Ngurumo ilijua kwenda. Kusimama ndiyo ilikuwa kazi. Breki zake zilikuwa za dramu, za kizamani, na mzee babake alipozikanyaga ni kama alikuwa anatuma maombi: majibu yalikuja, lakini kwa wakati wake. Basi kijiji kikazoea. Ukitaka lifti, unapunga mkono, gari linakupita, nawe unaanza kulifuata. Hununi. Unajua ukimaliza kona, pale kwenye kinu, utalikuta limesimama linakungoja. Hata mke wa mzee alipanda hivyo hivyo maisha yake yote ya ndoa. Anapunga, anapitwa, anafuata, anafungua mlango, anakaa katikati ya ile siti ya mbele iliyonyooka kama benchi, mume upande huu, mtoto upande ule, wanaingia kanisani wakiwa bado wananukia petroli.

Mzee akafa. Mtoto akasoma, akahamia mjini, akapata kazi, moja ya zile kazi ambazo wengine wetu hapa tunazisoma tu kwenye gazeti la kufungia nyama. Akawa mtu. Na mtu akishakuwa mtu hutafuta kitu cha kuonyesha kwamba amekuwa mtu. Akaamua kuifufua Ngurumo.

Akaipeleka gereji kule sokoni, akamwambia fundi, "Toa kila kitu cha ndani. Kila kitu. Sitaki kunusa miaka ya sabini."

Ile siti ya benchi ikang'olewa ikatupwa uani. Zikaingia siti za peke yake, mbili mbele, mbili nyuma, za ngozi rangi ya maziwa, zikakaa mbalimbali kama watu waliokosana. Likaingia kapeti la rangi hiyo hiyo. Dashibodi ikapata skrini. Kisha magurudumu yote yakafungwa breki za diski, pamoja na busta yake ya kusaidia mguu.

"Mkubwa," fundi akamwambia siku ya kulijaribu, "sahau mguu wa babako. Hii hukanyagi, unagusa. Ukikanyaga kama yule mzee, utamtoa mtu kwa kioo."

Mama yake naye alikuja kuona. Alifika gereji akaikuta siti yake uani inapigwa na jua, kuku ameilalia. Akaipangusa kwa leso. Akachungulia ndani ya gari muda mrefu.

"Na mimi hapa nakaa wapi?"

"Hizo za nyuma, Mama. Ni kama za ndege. Na Jumapili ya kwanza likitoka hapa, wewe ndiwe wa kwanza kukaa. Nakuchukua barabarani, pale pale pako."

"Ndege mimi naionea chini," mama akasema, akacheka. "Basi nipe hiyo nzee nikaikalie kwa sasa."

Ikapelekwa kwake kwa mkokoteni, akaiweka jikoni. Na kila jirani aliyeingia kuomba chumvi aliambiwa, "Kaa hapo, jisikie. Mimi Jumapili nahamia ya ndege."

Mnaona tunakokwenda? Hamjaona bado. Tulieni.

Jumamosi Ngurumo ikatoka. Mwanamume akaileta hapo stendi ya sokoni, na vijana wa bodaboda wakaacha abiria wao wasimame wima kama nguzo. Mmoja, yule mwenye mdomo, kila stendi ina mmoja, akauliza, "Bro, ndani ni saluni, tumekubali. Lakini inasimama, ama bado tutaifuata hadi kwa kinu?"

Watu wakacheka. Mwanamume akamvua huyo kijana kofia, akaiweka katikati ya barabara, akarudi nyuma mbali, akaja. Akaja kwa kasi ambayo wazee waliokuwa wanacheza bao walisimama. Akagusa. Gurudumu likasimama kando ya kofia kama linainusa.

Akashusha kioo. "Siku za kuifuata Ngurumo zimekwisha. Mtu akinipungia, nasimama alipo. Hatainua mguu."

Wakapiga makofi. Hiyo kauli muishike, kwa sababu yeye hakuishika.

Saa hiyo hiyo, jasho la sifa halijakauka, kamati ya kanisa ikamfikia. Askofu anakuja kesho kubariki vigae vipya vya madhabahuni. Gari lake litamleta mpaka lami inapoishia, kutoka hapo aingie na nini, na bodaboda? Mwanamume akasema ndiyo kabla hawajamaliza kuuliza. Mama alimkumbuka baadaye, akipiga mswaki. Akasema atampigia. Hakupiga. Akajiambia, nitamshusha Askofu, nirudi nimchukue. Mwongo anayejidanganya mwenyewe hana haja ya kusema kwa ufasaha.

Asubuhi ilikuwa ya mvua. Pale kwenye lami akampokea Askofu, akamketisha mbele, na mkewe Askofu, aliyevaa nyeupe tupu, akamketisha nyuma. Ikabaki siti moja. Juu yake akaweka joho la Askofu kwenye hanga yake, na kwa kuogopa lisiteleze, akalifunga mkanda.

Wakaja. Wakafika mteremkoni. Na pale chini, pembeni mwa barabara, mama yake.

Alikuwa pale pale pake. Viatu mkononi, miguu ina matope hadi kwenye muundi, na kwapani jogoo aliyefungwa miguu, zawadi ya Askofu. Alisikia ule mngurumo kabla hajaliona gari, na alipoliona akainua mkono, juu kabisa, kama zamani. Sasa kumbukeni, gari la Kimarekani usukani wake uko kushoto, na sisi tunaendesha kushoto. Kwa hiyo dereva hakuwa mbali naye. Angefungua kioo angemgusa.

Mguu wake ulikwenda kwenye breki. Nataka mjue hilo, tusimwonee. Ulikwenda, ukagusa, na gari likainamisha pua tayari kutii. Kisha akayaona yale matope. Akaliona kapeti. Akaiona ile nguo nyeupe ya nyuma, na jogoo ambaye hakuna anayejua atafanya nini akishakalia ngozi. Akajiona ameshuka mvuani kuikunja siti yake, mama anapanda mgongo umeinama, Askofu anageuka kutazama.

Mguu ukarudi kwenye mafuta.

"Yule mama anatupungia sisi," Askofu akasema. "Mnajuana?"

"Aa, Baba Askofu, huku kila mtu hupungia hili gari. Wanalipenda tu."

"Watu wema," Askofu akasema. Akainua mkono wake wenye pete akampungia mama, kwa heshima zote.

Mwanamume akaangalia kioo cha nyuma. Alitarajia kumwona mama amesimama ameduwaa, na pengine angeumia, na pengine hayo maumivu yangemrudisha. Lakini mama hakuwa ameduwaa. Alikuwa anamkaza jogoo kwapani, anakusanya gauni lake, anaanza kutembea. Anatabasamu. Alikuwa anaifuata Ngurumo.

Masikio ya yule mwanamume yakawaka moto. Mbele yake kulikuwa na kona, na baada ya kona kinu. Nafasi ya kusimama ilikuwa pale, pana, ile ile ambayo babake alikuwa akisimama. Angesema tu, Baba Askofu, samahani, yule ni mama yangu. Maneno mangapi hayo? Kinu kikaja. Kinu kikapita. Skrini ikaendelea kumwonyesha njia.

Kanisani walipokelewa kwa vigelegele. Picha zikapigwa, Askofu na gari, kamati na gari, gari peke yake. Vijana wa bodaboda nao walikuwepo, kwa sababu Askofu akija kuna pilau. Ibada ikawa inachelewa kwa sababu ya picha, na ndipo mama akaingia langoni, ametota, anahema, jogoo bado kwapani. Watu wakampisha. Akaenda moja kwa moja kwa Askofu, akampa jogoo kwa mikono miwili.

"Mama," Askofu akasema, "wewe si yule uliyetupungia kule mteremkoni?"

"Ndimi, Baba. Na huyu dereva wako ni mwanangu wa tumbo."

Askofu akamtazama dereva. Dereva akatazama gurudumu, kana kwamba kuna kitu amekigundua kwenye gurudumu.

Mama akayaona macho hayo. Akamshika Askofu mkono. "Usimkasirikie, Baba. Si yeye, ni breki. Hili gari tangu enzi za babake halisimami ulipo. Linakupita kwanza, wewe unafuata. Leo nimefika kwa kinu sikulikuta, nikasema kwa hii mvua limeteleza hadi mbele zaidi. Breki zake hazijawahi kushika. Wewe uliza mtu yeyote hapa."

Uliza mtu yeyote hapa.

Na wote walikuwa hapo. Yule mwenye kofia alikuwa hapo, kofia kichwani. Waliopiga makofi walikuwa hapo. Huyo huyo mwenye kofia, yule mwenye mdomo, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, alivua kofia yake akaanza kuichunguza kwa ndani. Hakuna aliyecheka. Wangecheka, mwanamume angalau angepata mtu wa kumkasirikia.

Mama akasogea kwenye dirisha la gari, akakinga uso kwa mikono aone ndani. "Kuzuri," akasema. Kisha akaiona siti ya ndege, na aliyeikalia: joho, limenyooka, limefungwa mkanda. Akalitazama kidogo. Akakitoa kiganja chake kwenye kioo, akaona kimeacha alama, akaifuta kwa leso.

"Twendeni ndani," akasema. "Tunamchelewesha Baba."

Jogoo hata hakuwika. Alikuwa amelowa kuliko wote.

Sasa nisikilizeni. Yule mwanamume mpaka leo hajui jambo moja. Hajui kama mama yake aliamini kweli kwamba ni breki, au aliona, akajua, akaamua kumfunika mbele za watu kwa kitambaa cha kwanza kilichomjia mkononi. Hajauliza. Ataulizaje? Kama mama aliamini, basi yeye amemlaghai mtu anayemwamini kuliko vyuma vyenyewe. Kama mama alijua, basi alitembea kwenye matope njia nzima akimtungia mwanawe udhuru. Wewe ungetaka jibu gani kati ya hayo? Mimi sitaki hata moja.

Na sisi je? Tusijifanye hatuna gari. Tumefunga vitu vipya, kila mtu chake. Kanisa limefunga vigae na spika. Wakubwa wamefunga ofisi zenye baridi ya kununua. Kijana anawapungia na vyeti vyake, mnamwambia we'll get back to you, na anaifuata hiyo sentensi hadi kwa kinu, mwaka mzima anaifuata, hakuna kilichosimama. Mnasema ni uchumi. Mnasema ni system. My friends, mlisimama wapi mlipoona joho? Mbona kwa joho breki zilishika?

Na nyinyi vijana wenzangu mnaonipigia amina, shusheni mikono. Degree tulizipata kwa siti za nani? Nani alikaa jikoni kwenye kilichong'olewa ili sisi tukae kwenye ngozi? Simu ya nyumbani inaita, tunaitazama inaita mpaka inachoka. Kesho tunasema network. Wageni wakitutembelea tukiwa na mama mlangoni tunasema, huyu ni wa huku kwetu. Hatusemi ni mama. Tunasema ni wa huku kwetu.

Tusimsingizie Mungu kwamba alituumba hatuwezi kusimama. Mguu ulikwenda. Kila mmoja wetu humu anakumbuka siku mguu ulikwenda, ukagusa, ukarudi.

Sitawaombea leo. Nendeni nyumbani. Lakini mjue hivi: saa hii tunapokaa humu tumejipaka mafuta, kuna mtu mahali fulani ameketi kwenye siti yetu ya zamani, jirani ameingia kuomba chumvi, ameuliza, mbona mwanao haonekani. Naye anamjibu taratibu, bila uchungu, kwamba si kosa letu, ni breki.