Perege Aliyekuwa Ameshiba

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Basi hapo kale, kale ya kale, Nungunungu aliokota sanduku la kioo. Akataka kufuga samaki, wageni wapate cha kutazama. Akamwita Chura, fundi wa mambo ya maji.

Chura akatandaza mchanga. Akapanga mawe. Akapanda mimea ya maji. Akajaza maji, akayaacha yatulie siku tatu. Ndipo akamtia Perege, chubwi.

"Chakula mpe kidogo," Chura akasema. "Tumbo la samaki ni dogo, halizidi jicho lake." Akaenda zake.

Nungunungu akamtazama Perege. Huyu ni mgeni wangu, akawaza. Nimpe kidogo, niitwe mchoyo? Akamwaga pumba konzi nzima.

"Karibu chakula."

Perege akala. "Nimeshiba, baba. Ahsante."

"Usione haya." Konzi ya pili, chwaa.

"Nimeshiba kweli."

"Ndivyo wasemavyo wageni wote." Konzi ya tatu, chwaa.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile. Pumba zikazama, zikaoza. Maji yakawa kama uji. Perege akakosa pumzi. Akapanda juu, akatweta, pwa, pwa, pwa.

Nungunungu akaona mdomo uko wazi. "Maskini, njaa," akasema. Akaenda akaleta ugali, akautia majini, chwaa.

Jamani, Perege alikuwa anakufa, tena kwa ukarimu. Mimi nilimhurumia sana. Kusema ameshiba, amesema. Kushukuru, ameshukuru. Likabaki neno moja ambalo mgeni halisemi. Akalisema.

"Baba, chakula chako kibaya."

Miiba ya Nungunungu ikasimama, chakacha. "Ugali wangu?"

"Na pumba pia. Zinanuka."

Nungunungu akashika kata. Akachota chakula chake chote pamoja na maji machafu, akamwaga nje. Sanduku likabaki nusu. Akabeba mtungi, akamimina maji safi mpaka juu.

"Basi shinda na maji," akasema. Akamnunia siku tano.

Perege akapumua. Akazunguka mawe, akapata nguvu. Siku ya sita Nungunungu akamtupia chembe moja tu, kwa dharau. Perege akala, akashiba. Tangu hapo kila siku chembe moja, kwa dharau. Perege akaishi miaka mingi.

Funzo ni hili: anayekwambia ameshiba, msadiki, asije akalazimika kukutukana ndipo apone.

Hadithi yangu imekomea hapa. Nami mkinikaribisha chakula nikasema nimeshiba, nimeshiba.