Baragumu la Bwana Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa wakiajiriana, Bwana Kifaru alikuwa na mashamba matatu ya mtama, yote mbali na kwake, kila moja nyuma ya kilima chake. Akaweka watatu waamie ndege, wasile mtama: Nyati, Ngiri, na Pimbi mwenye miguu mifupi.

Sasa Kifaru haoni mbali, mnamjua. Na moyo wake hautulii! "Wamelala hao," anajisemea huku akizunguka uani. "Wananila mzimamzima!" Basi akatafuta baragumu. Likilia tu, kila mmoja aache alichoshika, apande kilimani, aitike.

Puuu!

"Nipo, bwana!" Nyati ananguruma, wa kwanza. Ngiri wa pili. Na Pimbi? Mbio, tifu tifu tifu, hadi kileleni, ulimi nje. "Ni... po..."

"Nyati, hodari wangu!" Kifaru anasifu. "Ngiri, jitahidi. Na wewe Pimbi, mvivu usiye na haya, ukichelewa tena funga virago, wewe na wanao!"

Pimbi akashuka mbio. Frrr! Kwelea wametanda shambani. Anawafukuza, puuu! Anapanda, frrr! Asipopanda, kazi hana. Akipanda, mtama hakuna, na wanawe walikuwa wanangoja fungu lao la mavuno. Maskini, alihisi kuchanika vipande viwili.

Akamwendea Kasuku.

"Shoga, unaweza kusema 'Nipo, bwana'?"

"Nipo, bwana!" Sauti ya Pimbi hasa!

"Basi kaa kileleni. Baragumu likilia, sema hivyo. Kila jioni nitakuletea mtama."

"Usinisahau tu," akasema Kasuku, akaruka.

Tangu hapo, puuu! Kabla Nyati hajafumbua kinywa, "Nipo, bwana!"

"Ahaa! Pimbi kazinduka!" Kifaru akachekelea. "Ukali nao ni dawa."

Pimbi yuko bondeni na teo lake la kurushia mawe. Vwii! Kwelea wanatawanyika.

Mavuno yakafika. Kifaru akaenda mwenyewe, Nyati na Ngiri wakimfuata. Kwa Nyati, akapapasa kwa mdomo: makapi. Kwa Ngiri: mabua matupu. Kwa Pimbi, mashuke yameinama kwa uzito!

"We Pimbi, umefanyaje?"

Kabla hajajibiwa, Kifaru, kwa mazoea tu, akapuliza baragumu lake. Puuu!

"Nipo, bwana!" sauti ikaitika kileleni.

Na Pimbi yuko pale pale miguuni pake, kafumba kinywa.

"Lo! Kumbe kakudanganya!" Nyati akafoka. "Mfukuze, bwana!"

Pimbi akasogea mbele. "Bwana, ulitaka kuitikiwa, umeitikiwa. Ulitaka mtama, ndio huu. Mimi ni mmoja, ningekuwaje kilimani na shambani?"

Kifaru akatafuna suke, polepole. Haya zikamshika.

"Lakini mimi niliitika kila ulipoita!" Nyati akalalamika.

"Ndiyo," Kifaru akasema kwa unyonge. "Nami ndiye niliyekuwa nikiita."

Akalitundika baragumu mtini, akampimia Pimbi fungu kubwa, wanawe wakala wakashiba. Kasuku peke yake ndiye aliyeendelea kuitika bila kuitwa.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nanyi ingieni nayo ndani: mtenda kazi hupimwa kwa mavuno, si kwa kuitika.