Zimwi Aliyejitolea Kulinda Kasa

Paukwa!

Pakawa!

Na wewe unayesinzia, paukwa!

Pakawa!

Basi, zamani palikuwa na kijiji cha Shungi. Kasa walikuja kutaga mchangani pale, na wanakijiji walijitolea kuwalinda. Hawakulipwa hata punje ya mtama. Kasa akisharudi majini, walinzi walichomeka kijiti juu ya kiota ili watu wasikikanyage. Vijiti! Subirini mwone ujinga wao.

Siku moja akaja mgeni, kanzu safi, kofia ameivuta mpaka kisogoni.

"Hodi, wenyeji! Nimekuja kujitolea."

Kumbe zimwi! Chini ya kofia alificha mdomo wa pili. Mzee Shekue, mkuu wa walinzi, akafurahi kweli.

"Karibu, bwana. Zamu ya alfajiri ni yako."

Kesho yake, kijiti kimesimama, mayai hakuna. Kesho kutwa, kijiti kimesimama, mayai hakuna. Siku iliyofuata, kijiti kimesimama, mayai hakuna! Na mgeni akalia kuliko wote: "Masikini kasa! Nani mkatili huyu?" Wakambembeleza, wakampa chai ya maziwa. Zimwi, chai ya maziwa!

Mlinzi mmoja, Mwanatenga, akasema, "Mzee, tung'oe vijiti. Tunamwonyesha mwizi njia. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mgeni akamnyooshea kidole. "Mtazameni mikono, imejaa mchanga!"

Jamani! Mlinzi wa kasa asiwe na mchanga mikononi, awe na nini, hina? Lakini watu wakaitikia, "Ndiyo! Ndiyo! Ndiyo!"

Mzee Shekue akaamua, "Kimebaki kiota kimoja. Kikikutwa kitupu, Mwanatenga, utahama Shungi."

Mwanatenga akaenda akalaza sikio mchangani. Kwaru, kwaru, kwaru. Vitoto vilikuwa karibu kuanguliwa. Akarudi nyumbani na matumaini kwamba vitatoka usiku huohuo.

Asubuhi, kijiti kimesimama, mayai hakuna. Zimwi alikuwa ameyameza mazima, hata hakutafuna. Majirani walishatupa mkeka wa Mwanatenga nje.

"Nitakwenda," akasema, machozi yanamtoka. "Lakini mila yetu mnaijua. Mlinzi haondoki mpaka anawe baharini na wenzake wote."

Wakashuka majini. Mgeni akabaki nyuma.

"Mimi nimeshanawa nyumbani."

"Wote," akasema Mwanatenga, akamshika mkono.

Mawimbi yakavuma. Ndani ya tumbo la mgeni kukasikika kwaru, kwaru, kwaru. Kisha sauti ndogo ndogo: "Bahari! Bahari! Bahari!"

Tumbo likamvuta mbele. Akachimbia visigino mchangani, likamvuta. Wimbi likamwangusha, kofia ikamtoka, mdomo wa kisogoni ukaachama, na vitoto vya kasa vikamiminika, vikaogelea zao. Zimwi akaburutwa na maji mpaka hakuonekana tena.

Mzee Shekue akainamisha kichwa. "Mwanangu, tusamehe. Vitoto vimepona."

"Vya kiota kimoja, mzee. Vya viota vingine vyote vimeshaliwa, nanyi mkimbembeleza mlaji. Navyo nani atavirudisha?"



Basi, wanangu, msimwamini mtu kwa wingi wa machozi yake, tazameni anachofanya. Hadithi yangu imeishia hapo, ila hasira zangu bado.