Trekta la Mzee Kundaeli na Masale ya Mpakani

Ukubwa wa trekta, iulize kona.

Methali nyingi wenyewe walishakufa, huwezi kwenda kuwauliza walimaanisha nini. Hii, mtu wa kwanza kuambiwa yuko hai. Anakaa hapa hapa kwetu, chini ya mlima, kabla hujafika Himo, na trekta lenyewe liko uani kwake, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Kwa hiyo ilivyoanza sikuisoma popote, nilimsikia yeye mwenyewe akisimulia.

Tulikuwa watatu, mimi, Godlisten na Happiness. Tumemaliza kidato cha nne, matokeo bado, na nyumbani kila ukikaa unaambiwa kakate majani ya ng'ombe. Mjomba wake Happiness akatuachia nusu ekari tulime kabichi. Siku hiyo tuko kwa Mama Anasia, yule anayeuza nyanya barabarani, Godlisten katoa simu anatuonyesha picha ya trekta moja, tairi lake la nyuma limempita mtu kimo. Anasema tukodi hilo, asubuhi moja tu kazi imekwisha. Mama Anasia akachungulia ile picha, akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Wanangu," akasema, "ukubwa wa trekta, iulize kona."

Tukamuuliza ndiyo nini hiyo. Akasema maneno si yake, twende kwa Mzee Kundaeli, tena twende na adabu, tusianze kuchekacheka pale.

Tulimkuta amekaa kwenye kingazi cha lile trekta, anapukuchua mahindi. Shikamoo babu, marahaba, kaeni. Godlisten na haraka zake akauliza hapo hapo. Mzee alimalizia hindi alilokuwa nalo, akatupa gunzi, akajifuta mikono, ndipo akaanza.

Anasema alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa miaka thelathini na mmoja. Kule ukianza mstari unaweza kunywa chupa nzima ya chai kabla hujauona mwisho wake, na ukifika mwisho kona ni pana, unageuza kwa mkono mmoja huku unaongea na mwenzako. Miaka yote hiyo hakuwahi hata siku moja kuiwaza kona. Kona ilikuwepo tu, kama hewa.

Akastaafu, akarudi nyumbani. Baba yao alikuwa amewaachia ekari nne, mbili zake, mbili za mdogo wake Elisaria. Walikuwa wawili tu. Vipande vyenyewe ni virefu na vyembamba, vimelala ubavu kwa ubavu kama watu wawili kwenye kitanda kimoja. Huku juu Mzee Kundaeli alijenga nyumba yake, ile tuliyokaa uani kwake. Kule chini kuna mfereji wa maji. Na katikati, kutoka juu mpaka chini, kulikuwa na mstari wa masale.

Kwa asiyejua, isale ni ule mmea wenye majani marefu ambao sisi Wachaga tunaupanda mpakani. Una kazi nyingine pia. Ukimkosea mtu, unakata isale unampelekea, na yeye akiliona hawezi kukukatalia msamaha. Masale yale aliyapanda mama yao siku baba alipogawa shamba. Watoto walikuwa wanamshikia miche, mmoja Kundaeli, mmoja Elisaria, zamu kwa zamu, yeye anashindilia udongo kwa kisigino.

Basi, kiinua mgongo kilipotoka, Kundaeli akaenda mjini kununua trekta. Pale dukani kulikuwa na binti amevaa ovaroli, ndiye anayeonyesha. Akampeleka kwenye trekta dogo, la nguvu za farasi ishirini na kitu, lenye tairi nyembamba. Kundaeli akalizunguka, akamuuliza binti hilo mtu analipanda au analivaa. Watu waliokuwepo wakacheka, na yeye ikamnogea. Binti hakukasirika. Akamuuliza shamba lake lina upana wa hatua ngapi, na kule mwisho kuna nini. Kundaeli akamwambia yeye ameanza kuendesha trekta mama yake huyo binti hajaolewa. Binti akasema sawa baba.

Akachukua lile alilolizoea. Farasi sabini na tano, plau la sahani tatu nyuma. Lilipoingia kijijini watoto walilifuata mpaka nyumbani, na anasema siku hiyo alijiona mtu.

Mwezi wa pili akaingia shambani. Elisaria hakuwepo, alikuwa Dodoma na binti yake aliyepasuliwa, amekaa naye hospitali. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili vizuri. Ila kila akifika mwisho, juu nyumba, chini mfereji, inambidi ainue plau mapema, hatua kumi na tano kabla, apate pa kuzungusha. Sehemu yote ile inabaki haijalimwa. Alipofika mistari ya karibu na mpaka, hata hiyo nafasi haikuwepo. Trekta likigeuka, pua inaingia kwa Elisaria. Anakwenda mbele, anarudi nyuma, anakwenda mbele, anarudi nyuma, mpaka ardhi pale ikawa ngumu kama barabara.

Mke wake, marehemu sasa, akatoka nje akamwambia apaki, akaombe jembe la ng'ombe kwa watu amalizie pembezoni. Kundaeli akamwambia hilo neno asilirudie, watu wanasikia.

Akang'oa masale matatu ya huku juu. Akang'oa matatu ya kule chini. Akajiambia akimaliza atayarudisha. Halafu akaona mbona akiunganisha vipande vyote viwili, trekta linapata upana, na mdogo wake naye analimiwa bure, atakuja atakuta kazi imekwisha. Hapa mzee alitutazama. Anasema mtu ukitaka kufanya ubaya na moyo wako uko mzuri mzuri, unautafutia jina la msaada. Akafunga mnyororo, akayavuta yote. Yale ya katikati yalibaki machache kama meno ya bibi, akayamalizia. Jioni akayachoma pamoja na magugu.

Elisaria alirudi baada ya wiki mbili. Kundaeli alikuwa anamsubiri, amekaa juu ya trekta, amevaa kofia yake ya kazini. Anasema alikuwa anatabasamu.

"Nimekulimia, mdogo wangu."

Elisaria hakumtazama. Alikuwa anatembea polepole katikati ya ule udongo uliopinduliwa, anaweka mguu hapa, anaweka pale, kama mtu aliyeangusha ufunguo. Akasimama.

"Kaka, mpaka uko wapi?"

"Mpaka wa nini? Mimi na wewe tuna mpaka?"

"Mama aliupanda."

Kundaeli akaona aseme ukweli, labda utasaidia. Akasema trekta lilikosa pa kugeukia.

Elisaria akalizunguka lile trekta lote, kama mtu anayekagua fahali mnadani. Akapiga tairi kwa kiganja. Akasema, "Ukubwa wa trekta ungeiuliza kona, kaka. Kabla hujalileta hapa. Au ungenisubiri mimi, ukaniuliza. Mimi ningekupa pa kugeukia. Ningekupa hatua kumi, ishirini, ungechukua. Lakini masale hukuyauliza. Uliyang'oa tu."

Akaondoka. Hakupiga kelele, hakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, hakumsema kwa watu. Kesho yake wakakutana kwenye mfereji, Elisaria akasema, "Habari za leo."

Mzee akatuuliza kama tumeelewa. Happiness akasema ndiyo, kwamba hakumpa shikamoo. Mzee akatikisa kichwa taratibu. Anasema tangu Elisaria anajifunza kuongea alikuwa anamwamkia shikamoo kaka, kila siku ya Mungu. Siku ile ilikoma. Akawa anasalimiwa na mdogo wake kama mpita njia.

Mvua ilipoanza ikaja aibu nyingine. Lile trekta ni zito, na alikuwa amelizungusha pale pale mara mia. Maji yakasimama kwenye njia za tairi, hayaendi chini, mahindi yakawa ya njano upande wake na upande wa mdogo wake. Kilabuni kwenye pombe ya mbege watu walishayapata maneno ya Elisaria, sijui aliyasikia nani, wakawa wanayatumia. Mtu akijenga jiko kubwa kuliko nyumba, utasikia, bwana, iulize kona. Mtu akitaka harusi ya kamati tatu, iulize kona. Kundaeli akiingia wananyamaza. Akaacha kwenda.

Mwaka ukaisha, moyo ukamshinda. Akasema nakwenda kuomba msamaha. Akachukua panga, akatoka nje kukata isale.

Hakukuwa na isale.

Anasema alisimama pale mpakani na panga mkononi. Angeweza kuomba kwa jirani. Lakini mama yao alikuwa akisema ugomvi wa ndugu haupatanishwi kwa isale la watu. Ya kwao yote ameyachoma, isipokuwa yale yaliyokuwa kwenye kaburi la mama. Na kaburi liko kule ng'ambo ya mfereji, kwenye nyumba ya wazazi, ambayo kwa desturi yetu anabaki nayo mtoto wa mwisho. Yaani kwa Elisaria.

Akaenda. Akamkuta anakamua ng'ombe, akasubiri mpaka amalize.

"Nimekuja kuomba isale moja la mama," akasema.

"La nini?"

"Nikuletee."

Elisaria akashika ile ndoo ya maziwa. Mzee anasema alimwona anataka kucheka, halafu kicheko kikakataa. "Kata," akamwambia. "Lakini usinipe sasa. Kalipande pale lilipokuwa. Likifika bega langu, lilete, nitalipokea."

Akalikata, akalipanda pale juu, karibu na nyumba, akalizungushia miiba mbuzi wasilile. Sasa isale si mgomba. Mwaka wa kwanza likafika gotini. Trekta akaliweka uani, halikuingia tena shambani, na mnunuzi hakupatikana, nani mwingine huku ana shamba la kuligeuza. Akalima kwa jembe la ng'ombe. Kila Jumapili akitoka kanisani anapitia, anasimama karibu na lile isale, anaweka mkono pale alipojua ni usawa wa bega la mdogo wake. Mwaka wa pili likafika mapajani. Mwaka wa tatu likafika kiunoni, likapita kidogo.

Mwaka huo Elisaria akaugua. Haukuwa ugonjwa mrefu, wiki tatu. Mke wa Kundaeli akamwambia nenda na hilo isale lako, likate lilivyo. Yeye akasema bado halijafika. Aliambiwa bega, na safari hii anataka kufanya kama alivyoambiwa, asije akasemwa amepunja. Alikwenda kumwona mgonjwa mara mbili, mikono mitupu, wakaongea habari za mvua.

Elisaria akafa siku ya Alhamisi.

Baada ya matanga shemeji yake, mjane wa Elisaria, akaja, akakaa pale pale alipokaa Happiness. Akamwambia, shemeji, yule mtu kila mlango ukigongwa alikuwa anauliza, ni kaka? Amekuja nalo? Mimi namwambia halijafika bega. Na yeye ananiambia, hivi kaka kweli alisikia bega? Anasema, mimi bega nililisema kwa hasira tu. Angeleta hata jani.

Kuku mmoja akashuka kutoka kwenye kiti cha trekta, akapita katikati yetu.

"Trekta sikulipima," mzee akasema. "Isale nikalipima mno."

Akatunyooshea kidole. Lile isale liko pale, ukisimama uani unaliona, limepita bomba la moshi la trekta, limezaa mengine kushoto na kulia, mstari umeanza kurudi. Anasema bega limeshalipita siku nyingi, ila hana wa kumpelekea.

Halafu akageuka kwetu kama mtu aliyekumbuka kazi. Akauliza hiyo nusu ekari yetu ina upana wa hatua ngapi, na kule mwisho kuna nini. Hakuna aliyejua. Akachukua hindi jingine, akaanza kupukuchua, tukajua ametuaga.

Tukaenda moja kwa moja shambani. Godlisten akahesabu kwa miguu yake mirefu, Happiness akarudia kwa hatua zake kuhakikisha. Hatua ishirini na nane. Juu kuna ukuta wa mjomba. Chini, tulipofika mwisho, tukakuta mstari wa masale, na nyuma yake migomba, na katikati ya migomba Mama Anasia anakata mkungu. Akatuona tumesimama pale mpakani na simu mkononi. Safari hii hakucheka.

Tulitafuta pawatila, ile ya injini ndogo unayoisukuma kwa mkono. Ilituchukua siku mbili na nusu, na mikono ilitoka malengelenge. Tulipofika chini tuligeuza hatua tatu kabla ya masale, hakuna hata jani lililoguswa. Siku ya pili mzee Kundaeli alipita njiani, akasimama akatutazama tunavyogeuza. Akaendelea na njia yake. Godlisten ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, wakati mzee ameshaondoka.

Ukubwa wa trekta, iulize kona.