Mkono Katika Sinia

Kulikuwa na mama mmoja, ndugu zangu, fundi wa pilau. Akifunua sufuria yake, mtaa mzima unakumbuka kuwa haujala. Basi mikono yake ikaanza kutoka mabaka meupe, mbalanga. Nani alimwambia asipike tena? Hakuna. Sisi watu wastaarabu bwana, hatusemi! Shughuli zikapikwa na wengine, naye akialikwa anatengewa chakula pembeni. Akazoea, hata akawa kila aendako amebeba kibakuli chake mwenyewe mkobani.

Siku moja akasikia kuna chama cha watu wenye maradhi ya ngozi. Wanakutana ukumbi wa shule, mtaalamu anakuja kuwafundisha, wanaelezana habari za dawa na kutiana moyo. Akaenda. Darasa lilipokwisha likaletwa sinia la pilau. Mama akatoa kibakuli chake, akajisogeza ukutani.

"Dada, unakwenda wapi?" mwenyekiti akamwita. "Hapa tunakula pamoja."

"Mimi nina mbalanga, mama."

Watu wakaangua kicheko. "Na sisi unadhani tumekuja kuposa?"

Jamani, furaha aliyoipata! Machozi yakamlengalenga. Akanawa, akaketi, akapeleka mkono siniani. Papo hapo mzee aliyekaa ubavuni kwake naye akapeleka wake, umejaa magamba mpaka kwenye kucha. Mnajua alifanya nini? Huyu aliyetengwa, huyu aliyelishwa pembeni? Akaurudisha mkono wake!

Wote waliolizunguka sinia wakaona. Aibu ikamshika, akatamani ardhi ipasuke immeze. Kisha, alhamdulillahi, akafungua kinywa.

"Baba, nisamehe. Hiyo yako inaambukiza?"

"Haiambukizi, mwanangu," mzee akajibu akicheka. "Hata mimi siku yangu ya kwanza nilimuuliza huyu hapa vivyo hivyo. Yako je?"

"Wala yangu."

"Basi kula, wali unapoa." Akamsukumia pande la nyama, lile nono.

Akala yule mama! Akala mpaka ufundi ukamrudi, akaanza kuwakosoa: "Nyinyi, bizari mmeizidisha. Mara ijayo napika mimi!" Ukumbi mzima ukampigia vigelegele.

Sasa tuje kwetu. Mlidhani nawasema majirani zake, eh? Nawaona mnavyotikisa vichwa. Lakini hata yeye, aliyeonja uchungu wa kutengwa, aliurudisha mkono. Hofu haimwachi mtu kwa sababu tu naye ameumizwa. Yeye alituzidi jambo moja: aliuliza. Sisi tunaishi na wenzetu wa namna hii ukuta kwa ukuta, tunawaombea shifaa kwa sauti kubwa, na hatujawahi kuwauliza swali lile dogo. Kwa nini? Si kwamba tunaona haya, ndugu zangu. Tunajua tukijibiwa kuwa haiambukizi, hatutakuwa tena na sababu ya kukaa mbali.

Leo mkitoka hapa, nendeni mkaulize. Mkishajibiwa, naweni mikono, mkae, mle.