Mkeka Uliokaliwa na Wambea

Mtu mmoja alikuwa na binti wawili, na wote aliwafundisha kutibu kinamama kwa mitishamba. Alipofariki waligawana wagonjwa, kila mmoja akafungua mlango wake palepale mjini Wete. Sogeeni karibu, maana kisa hiki kila nikikisimulia moyo hunidunda.

Mkubwa, Mwanamvua, aliandika daftarini waziwazi: fulani binti fulani, maradhi haya, dawa hii. Kazi ilikwenda mbio. Mdogo, Zuwena, hakuandika. Kila mgonjwa alimsukia ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka: rangi ilikuwa ugonjwa, msuko ulikuwa jina, na maana yake aliijua yeye na bintiye tu. Rangi zilimla fedha, vidole vilimuuma, wagonjwa walichoka kungoja. Mwezi mzima alimfundisha yule binti, kwani siri ikifa na mtu mmoja, na dawa imekufa. Dada yake alimcheka kwamba atakufa njaa na urembo wake.

Miongoni mwa wagonjwa wa Zuwena alikuwapo Salha, mchumba wa watu, mwenye maradhi ambayo hata mamaye hakuyajua. Ndoa ilikuwa Ijumaa.

Siku chache kabla ya ndoa, siku ya sikukuu, mtaa mzima uko uwanjani, mwizi aliingia nyumba zote mbili akitafuta dhahabu. Hakuiona. Kwa mkubwa alichukua daftari, kwa mdogo furushi la kili. Jioni ile daftari lilifika mikononi mwa wambea, likasomwa kwenye baraza la kahawa, jina kwa jina, watu wakicheka. Mwanamvua hakubaki na mgonjwa hata mmoja. Salha alikuja mbio kwa Zuwena, akijua naye amekwisha.

Loo, mnajua zile kili zilikuwa wapi? Mke wa mwizi alizishona mkeka, mumewe akautandika barazani palepale auuze. Wambea wote walikaa juu ya siri ya Salha, wakinywa kahawa na kusifu rangi. Zuwena akaununua mkeka wake mwenyewe, akaufumua, akaendelea na kazi. Na Ijumaa Salha akaolewa, nami mpaka leo nafurahi kana kwamba ni mwanangu.

Jumamosi asubuhi Mwanamvua alisimama mlangoni kwa mdogo wake na chane za ukindu mkononi.

"Nifundishe kusuka," akasema.

Nanyi mliokabidhiwa siri za watu, mnaona rangi ni ghali: je, mmeshauliza Salha angelipa bei gani siri yake ingetoka?